Kubana RJ45 na kufungua Winbox hakumfanyi mtu injinia wa mitandao. Mnabisha?

#1 MzeeWaPakiti

Wakuu, salaam.

Kila wiki humu kuna kijana anauliza asome nini awe injinia wa mitandao, na kila wiki anarushiwa majina ya vyeti kama orodha ya sokoni. Mimi nasema hivi: kubana RJ45 (kichwa cha kebo ya mtandao), kugawa IP na kufungua Winbox (programu ya kusimamia ruta za MikroTik) ni kazi halali na inalisha familia, ila uinjinia haupo hapo. Mtandao ukifa kabisa, hata mlinzi wa getini atakuonyesha kebo iliyokatika. Injinia anajulikana mtandao ukiwa nusu mzima, nusu mgonjwa.

Ili tusibishane hewani, naweka swali la usaili. Ni la kutunga, lakini hakuna dalili hata moja ambayo haipo mitaani:

- Ofisi ya tawi, kompyuta 40. Intaneti ni faiba ya GPON (faiba moja inayogawanywa kwa wateja wengi), ruta inaingia kwa PPPoE (njia ya kujitambulisha kwa mtoa huduma).
- Tunelu ya IPsec (njia iliyosimbwa juu ya intaneti) kwenda makao makuu, AES-CBC ya kusimba na SHA-256 ya kutia muhuri, katikati inapita kwenye NAT (ubadilishaji wa anwani za IP).
- Ping kwenda seva ya makao makuu ni 18 ms, hakuna inayopotea.
- Ukurasa wa kuingia kwenye mfumo unafunguka vizuri. Ukipakia faili la MB 4, linaganda.
- Kompyuta 28 zinapakia bila shida. 12 ndizo zinazolalamikiwa.
- Kuanzia saa tatu asubuhi malalamiko yanaongezeka.

Una dakika 15. Unaanzia wapi, na kwa nini hapo?

#2 Kandambili

Zima ruta, hesabu mpaka kumi, washa. Hizo ni dakika mbili. Kumi na tatu zilizobaki nakunywa chai.

#3 BintiOSPF

Kandambili, umeshafuta ushahidi. Kwenye ruta nyingi ndogo logi zinakaa kwenye RAM, ukizima zimekwenda. Kaunta za makosa kwenye poti zinarudi sifuri, jedwali la ARP (orodha ya IP na anwani ya kifaa, MAC, inayoendana nayo) linajengwa upya. Mtandao ukipona hujui umeponaje, na kesho saa tatu unaitwa tena. Kabla ya kugusa kitufe chochote, nakili logi, kaunta za poti na jedwali la ARP. Dakika moja inatosha.

#4 TuneluNyembamba

Mleta mada umetuwekea MTU (ukubwa wa juu wa pakiti inayopita) mezani halafu unajifanya hujui. Ping ya kawaida ya Windows inabeba baiti 32 tu, itapita hata kwenye tundu la sindano. Kupita kwake hakusemi lolote kuhusu pakiti kubwa.

Hesabu ni hii. Ethaneti 1500, PPPoE inakula 8, unabaki na 1492. IPsec nayo ina mahari yake: kichwa cha IP cha nje 20, UDP ya kupitia NAT 8, kichwa cha ESP (bahasha ya IPsec) 8, IV (namba ya kuanzishia usimbaji) 16, muhuri wa SHA-256 mwishoni 16. Jumla 68. Toa kwenye 1492 unapata 1424. AES-CBC inapanga data kwa vipande vya baiti 16, na 1424 inagawanyika kwa 16 mara 89 bila baki. Toa baiti 2 za mkia wa ESP: pakiti kubwa kabisa inayopita ni 1422.

Pima hivi kutoka kwenye kompyuta ya tawini:

`ping -f -l 1394 [IP ya seva]` inapaswa kupita, maana 1394 + 28 = 1422.
`ping -f -l 1395 [IP ya seva]` inapaswa kugoma.

Kwenye Linux ni `ping -M do -s 1394`.

Tiba ni kubana MSS ya TCP (data inayobebwa kwenye pakiti moja, bila vichwa) iwe 1382 au chini kidogo, 1350 kwa usalama. Angalizo kwa wa MikroTik: ukiandika `clamp-to-pmtu` wakati IPsec yako ni ya sera (policy) tupu isiyo na intafesi yake, ruta inatazama MTU ya PPPoE na haizioni zile baiti za IPsec. Andika namba mwenyewe.

#5 WayaWaShaba

Hesabu tamu, mkuu #4, lakini umeruka mstari wa tano. Kompyuta 28 zinapakia kupitia tunelu ileile. MTU ya tunelu haichagui meza ya kukaa.

Mimi naanzia chini, kwenye shaba. Dalili ya "ping sawa, faili linaganda" ndiyo hasa ya dupleksi kutokubaliana: full ni kutuma na kupokea kwa pamoja, half ni kwa zamu. Upande mmoja mtu kauwekea 100/full kwa mkono, upande wa pili uko auto. Wa auto unasikia kasi lakini hausikii dupleksi, basi unashuka hadi half. Pakiti moja moja za ping zinapita. Trafiki ikianza kwenda pande zote mbili kwa wakati mmoja, balaa. Upande wa half unahesabu migongano ya kuchelewa, upande wa full unahesabu CRC (fremu zilizofika zimeharibika). `show interfaces` inakuambia yote kwa sekunde kumi.

La pili ni kebo. Mjini kumejaa kebo za alumini iliyopakwa shaba, boksi limeandikwa Cat6 kwa herufi kubwa. Kwarua waya kwa wembe: ukiona fedha ndani, umeuziwa alumini. Ukitaka namba, unganisha ncha mbili za jozi moja upande wa mbali, pima kwa multimita upande wako. Shaba halisi ya AWG 24 kwa mita 100 inakupa omu 17 hivi, na kiwango hakiruhusu kuzidi 19. Ukisoma 26 au 28, hiyo siyo shaba.

La tatu, mpangilio wa rangi. Kuna mafundi wanapanga jozi kwa mfululizo, 1-2, 3-4, 5-6, 7-8, pande zote mbili sawasawa. Kipimo cha taa nane kinawaka kijani vizuri kabisa, kwa sababu umeme unafika. Lakini pini 3 na 6 zilitakiwa ziwe jozi moja iliyosokotwa, na sasa ziko kwenye jozi mbili tofauti. Kelele inavuja. Kebo fupi itavumilia, ya mita 60 itakuumbua. T568B haijabadilika: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Na usifumue msokoto zaidi ya milimita 13 kwenye kichwa.

#6 KipimoSahihi

Wote mmesahau "kuanzia saa tatu". Kebo haiangalii saa.

Saa tatu ofisi imejaa. Watu wanafungua barua, bekapu ya wingu inaanza, mashine ya kamera inarusha picha nje. Kamera nne za Mbps 4 ni Mbps 16 za kupakia. Kama kifurushi ni Mbps 20 kwenda juu, umebakiwa na nini?

Hiyo ping ya 18 ms ilipimwa saa ngapi? Ipime faili likiwa linapakiwa. Ikiruka hadi 500 au 600, foleni imejaa kwenye ruta. Tiba: weka kikomo cha kupakia asilimia 90 hivi ya kasi halisi, kisha tumia fq_codel au CAKE (mbinu za kupanga foleni), zote zipo RouterOS 7, mfumo wa ruta za MikroTik. Msongamano uhamie kwako unakoweza kuutawala, usikae kwa mtoa huduma.

#7 KijanaWaVeta

Wakuu shikamooni. Samahani nauliza pembeni kidogo. Mimi ndo naanza, nina PDF ya CCNA (cheti cha mitandao cha Cisco) naisoma, nipo kwenye EIGRP na Frame Relay. Je hivi vinatosha kujibu swali la mzee #1?

#8 BintiOSPF

Marahaba mdogo wangu. Hiyo PDF ikunjie mandazi.

Tangu 24 Februari 2020 mtihani ni 200-301, mmoja tu, dakika 120. Frame Relay haimo, EIGRP haimo kama kitu cha kukonfigu. Itifaki ya ruting utakayotakiwa kuijua kwa mikono ni OSPFv2 ya eria moja. Uzito uko hivi: misingi 20%, upatikanaji wa mtandao 20% (VLAN yaani mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi, tranki yaani poti inayobeba VLAN nyingi, STP yaani kinga ya vitanzi, Wi-Fi), muunganiko wa IP 25%, huduma za IP 10%, usalama 15%, otomesheni 10%. Toleo 1.1 lilianza Agosti 2024. Ada ni dola 300, cheti kinadumu miaka 3.

Maabara haina gharama: Packet Tracer ni bure. Ya MikroTik pakua CHR (RouterOS ya kuendesha kwenye mashine pepe), leseni ya bure inabana kila intafesi kwenye Mbps 1, lakini kwa kujifunza inatosha sana.

#9 MzeeWaPakiti

Karibu kijana. Swali langu halitaki cheti, linataka mpangilio wa kichwa.

Naongeza data kwa waliouliza:

1. `-l 1394` imepita, `-l 1395` imegoma. Hesabu ya #4 imetua palepale.
2. Poti ya swichi ya ghorofa ya pili inayokwenda swichi kuu: CRC zimetoka 0 hadi 212 ndani ya dakika kumi.
3. Ping wakati faili linapakiwa: inacheza kati ya 18 na 140 ms.

Haya, endeleeni kugombana.

#10 TuneluNyembamba

Nimeshinda. Uzi ufungwe.

#11 BintiOSPF

Hujashinda, kaka. Umethibitisha tu kwamba tunelu ina ukubwa inaotakiwa kuwa nao. Kila tunelu duniani ina kikomo. Swali ni je, kompyuta inaambiwa kuhusu kikomo hicho?

Pakiti ikizidi, ruta hurudisha ICMP (ujumbe wa taarifa za mtandao, ping nayo imo humo) aina ya 3 msimbo wa 4: "kata, haipiti". Kompyuta ikiipata inapunguza ukubwa, faili linakwenda, hakuna anayelalamika. Kasheshe inaanza pale ICMP hiyo inapozuiwa njiani, na mara nyingi anayeizuia ni mtu aliyeambiwa kwamba kufunga ICMP yote ndiyo usalama.

Kwa hiyo MzeeWaPakiti tujibu: hiyo 1395 imegoma vipi? Imerudi na jibu kutoka kwa ruta kwamba pakiti inahitaji kukatwa, au imekaa kimya hadi muda ukaisha? Haya mambo mawili yanatenganisha mgonjwa na mzima. Na umepima kutoka kompyuta ipi, ya 28 au ya 12?

#12 WayaWaShaba

Na CRC 212 mnaziruka kama hamzioni? CRC inahesabiwa na anayepokea. Fremu imeharibika kabla ya kufika poti hiyo: kebo, kichwa, au poti ya upande wa pili. TCP ikipoteza hata asilimia moja tu ya pakiti, kasi inaporomoka.

Badili pachi kodi (kebo fupi ya kuunganisha) kwanza. Ni ya shilingi elfu chache na sekunde thelathini.

#13 ChumbaChaSeva

Angalizo dogo kwa #12. Ni kweli kwa swichi zinazopokea fremu nzima, zinaikagua ndipo zinaituma. Lakini zipo swichi zinazoanza kutuma kabla fremu haijaisha kuingia. Hizo zinapitisha fremu mbovu mbele kwa mbele, na utaona CRC kwenye poti tatu mfululizo wakati kebo mbovu ni moja tu, tena ya mbali. Swichi za ofisini nyingi ni za aina ya kwanza, ila usiape.

#14 LOS_Nyekundu

Hakuna aliyegusa faiba, kwa hiyo niiseme, maana hapa ndipo "mainjinia" wa kompyuta wanaponyamaza.

Kabla ya kumpigia mtoa huduma, soma nguvu ya mwanga kwenye ONT (kifaa cha faiba cha kwa mteja) yenyewe. OLT (kifaa cha upande wa mtoa huduma) inatoa tuseme +3 dBm. Kilomita 6 kwa 1490 nm, weka 0.25 kwa kilomita, ni 1.5 dB. Splita (kigawa mwanga) ya 1:32 ni 17 hivi. Konekta nne za 0.3 ni 1.2. Maungio sita ya 0.1 ni 0.6. Jumla 20.3. ONT inapaswa kusoma karibu na -17. Ukikuta -26, kuna takriban 9 dB zimepotelea njiani, na uko ukingoni kabisa, maana ONT za daraja B+ zinaishia -27. Itafanya kazi asubuhi, jua likikaza itaanza kuanguka.

9 dB zinaenda wapi? Kwa kawaida kwenye konekta chafu, faiba iliyobanwa na mlango wa boksi, au mtu kachomeka konekta ya SC ya kijani kwenye adapta ya bluu. Ya kijani imechongwa kwa nyuzi 8, ya bluu imelala sawa, nyuso hazikutani. Na tafadhali msipulize konekta kwa mdomo, mnaweka mvuke wa mate mnadhani mnasafisha.

Ukitaka kutofautisha faiba iliyopinda na ungio baya, pima kwa OTDR (kipimo kinachorusha mwanga kutafuta hitilafu njiani) kwa 1310 na 1550. Iliyopinda inavuja zaidi kwenye 1550. Ungio baya linavuja karibu sawa kote.

#15 KipimoSahihi

#14 safi sana, ila faiba ikiwa mbovu wangeumwa wote 40.

#16 LOS_Nyekundu

Najua. Nimejibu kichwa cha uzi, sijajibu swali.

#17 HamadiRuta

Mie naona mwakimbilia ugonjwa, mwasahau hatari kubwa zaidi: injinia mwenyewe. Mtandao mzima uko hai, kisha mtu aingia kwa mbali kuongeza VLAN 30 kwenye tranki. Aandika:

`switchport trunk allowed vlan 30`

Hapo hajaongeza. Kafuta VLAN zote na kabakisha 30 peke yake, na ile ya usimamizi aliyoingilia imo kwenye zilizofutwa. Skrini yaganda. Neno lililokosekana ni moja tu:

`switchport trunk allowed vlan add 30`

Ndiyo maana kabla ya kugusa kitu cha mbali unaweka kamba kiunoni. Cisco, `reload in 10`. Ukifaulu, `reload cancel`. Juniper wana `commit confirmed`, usipothibitisha ndani ya dakika 10 yarudi yenyewe. MikroTik ni Ctrl+X, Safe Mode, ukikatika yabatilisha uliyoyafanya.

#18 ChumbaChaSeva

Naongeza mawili kwa Hamadi, maana watu watanakili wakajinyonge na hiyo kamba. `reload in 10` inakuokoa kama hujaandika `write memory`. Ukihifadhi kosa, swichi itazima na kuwaka na kosa lilelile. Na Safe Mode ya MikroTik inakumbuka vitendo 100 tu. Ukibandika skripti ndefu ikazidi hapo, inatoka Safe Mode yenyewe na hakuna kinachorudi.

#19 Kandambili

Kumbe yangu ya kuzima na kuwasha ina jina la kiinjinia. `reload in 10`. Asanteni.

#20 MkaaMlimani

Kubwa lao ni Facebook walipodukuliwa 2021 wakapotea siku nzima. Hata wao wana mainjinia.

#21 BintiOSPF

Hawakudukuliwa, na haikuwa siku nzima. Ilikuwa 4 Oktoba 2021, walipotea kwa muda wa saa sita hivi. Ilikuwa kazi ya matengenezo: amri ya kupima uwezo wa uti wa mgongo wa mtandao wao ikaushusha uti wote, na chombo kilichotakiwa kuizuia amri hiyo kilikuwa na kasoro. Seva zao za DNS (zinazogeuza jina kuwa anwani ya IP) zilipoona hazifiki kwenye vituo vya data, zikaondoa zenyewe matangazo ya BGP (itifaki ambayo mitandao hutangaziana njia). Dunia ikawa haijui njia ya kwenda kwa DNS ya Facebook. Na zana za kurekebisha kwa mbali zilipita humohumo kwenye mtandao uliolala.

Ofisi ndogo inajifunza hapo: modemu ya 4G yenye laini ya mtoa huduma mwingine, imechomekwa kwenye konsoli ya ruta. Bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda tawini.

#22 TuneluNyembamba

Na kwa BGP mfano mzuri zaidi ni Pakistan, 24 Februari 2008. Pakistan Telecom walitaka kuzuia YouTube ndani ya nchi, wakatangaza 208.65.153.0/24 (kundi la anwani 256), tangazo likavuja nje. YouTube wenyewe walikuwa wanatangaza 208.65.152.0/22 (kundi kubwa zaidi, la anwani 1024). Ruta zote duniani zinachagua anwani iliyo mahususi zaidi, /24 inaishinda /22, trafiki ya YouTube ikahamia Pakistan. Asiyeelewa kwa nini /24 inaishinda /22 asiguse BGP.

#23 KijanaWaVeta

Hapo kwenye /24 na /22 ndipo ninapopotea. Kuna njia ya mkato?

#24 HamadiRuta

Ipo, mwanangu. Chukua 192.168.10.77/27. Maski ya /27 mwisho wake ni 224. Toa kwenye 256, wapata 32. Hesabu kwa 32: 0, 32, 64, 96. Sabini na saba imekaa kati ya 64 na 96. Basi mtandao ni .64, brodikasti ni .95, za kutumia ni .65 hadi .94. Fanya kumi kila siku bila kikokotoo kwa wiki mbili, utazifanya usingizini.

#25 Mzalendo_TZ

Mnatumia neno injinia kirahisi sana. Tanzania kuna Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997 na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kama hujasajiliwa, kujiita mhandisi ni kosa. Wengi humu ni mafundi mitandao, hata mkijua BGP.

#26 WayaWaShaba

Fundi anayepima omu za jozi, au mhandisi aliyesajiliwa anayefunga ICMP yote? Nipe fundi.

#27 Mnazi_Kilifi

Hata kwetu Kenya kuna sheria ya wahandisi ya 2011 na bodi yake. Lakini tangazo la kazi litaandika injinia wa mitandao na ndani wanataka mtu wa kupanda mlingoti. Jina la kazi na jina la sheria ni ndugu wasiosalimiana.

#28 Mzalendo_TZ

Hilo halifuti sheria.

#29 ChumbaChaSeva

Tuyaache, tutakesha. Mbona hakuna aliyetaja maandishi? Ujuzi namba moja kwangu ni mchoro na lebo. Lebo pande zote mbili za kebo, jina linalosema rafu, swichi na poti. Faili moja lenye VLAN, subneti, na nani anaitumia. Konfigi za vifaa zivutwe kila usiku na kuwekwa kwenye Git (hifadhi inayotunza kila badiliko); skripti ya Python yenye Netmiko (maktaba ya kuingia kwenye vifaa) haizidi mistari 30. Mtandao ukiharibika unauliza kwanza "nini kimebadilika tangu jana", na Git inakujibu kwa mistari myekundu na ya kijani. Swali la #1 lingejibiwa kwa dakika mbili.

#30 KipimoSahihi

Git haitakuonyesha ruta ya nyumbani ambayo mhasibu kaichomeka chini ya meza ili apate Wi-Fi.

#31 BintiOSPF

Hapo #30 umegusa kitu. Ruta ya namna hiyo ikichomekwa kwa poti ya LAN, inaanza kugawa IP zake. Anayewasha kompyuta asubuhi anaweza kupata DHCP (huduma inayogawa IP) ya kweli au ya uongo, nani kawahi kujibu. Ndiyo maana baadhi wanaumwa na baadhi hawaumwi, na idadi inaongezeka kadiri watu wanavyoingia kazini. Inaelezea 12 na inaelezea saa tatu kwa mpigo.

`ipconfig /all` kwenye moja ya zile 12, tazama mstari wa seva ya DHCP na lango. Kisha `arp -a`, linganisha MAC ya lango na ya kompyuta nzima. Kinga ni DHCP snooping (swichi ikatae DHCP isiyoaminika) kwenye swichi, na BPDU guard kwenye poti za watumiaji, ili mwingine akijifungia kebo kitanzi, poti yake tu ndiyo izimike.

#32 MzeeWaPakiti

Nimerudi. Majibu kwa #11 na #31:

Kompyuta nzima: 1395 inarudi na jibu kutoka kwa lango, pakiti inahitaji kukatwa.
Kompyuta inayoumwa: 1395 kimya, muda unaisha. 1394 inapita.
Seva ya DHCP na MAC ya lango: zinafanana kwenye zote mbili.

#33 TuneluNyembamba

Kimya! Shimo jeusi la MTU, kama nilivyosema tangu #4. Hizo 12 hazipati ICMP. Antivairasi yenye fayawolu yake imezifungia. Thibitisha bila kugusa ruta, kwenye moja ya zile 12:

`netsh interface ipv4 set subinterface "Ethernet" mtu=1400 store=active`

Pakia faili. Likienda, kesi imekwisha. Ikizimwa na kuwashwa, mpangilio unarudi ulivyokuwa.

#34 WayaWaShaba

Au ICMP inapotea kwenye kebo yenye CRC, maana uliijaribu mara ngapi, mara moja? Tuma 1395 mara hamsini. Ukipata majibu 45 na kimya 5, ni kebo. Ukipata kimya 50, nitanyamaza.

#35 KipimoSahihi

Na bado 140 ms hazijaelezwa na yeyote kati yenu. Foleni ipo. Ndogo, lakini ipo.

#36 BintiOSPF

Kabla ya netsh na kabla ya ping hamsini: `netsh interface ipv4 show destinationcache` kwenye mashine zote mbili. Safu ya PMTU (ukubwa wa pakiti ambao kompyuta inaujua kwa njia hiyo) itaonyesha kama kompyuta nzima imejifunza 1422 na inayoumwa imebaki 1500. Kusoma tu, hugusi kitu.

Halafu swali moja, mzee wangu. Hizo 12 zote ziko ghorofa ya pili, kwenye swichi yenye CRC?

#37 MzeeWaPakiti

Tisa ziko ghorofa ya pili. Tatu ziko chini, kwenye swichi isiyo na kosa hata moja. Na antivairasi ni ileile kwenye zote 40.

#38 WayaWaShaba

Tisa!

#39 TuneluNyembamba

Tatu!

#40 Kandambili

Chai imepoa. Nizime sasa au bado?